Kabla ya sheria kuna orodha ya majina

Tulikuwa na faili moja la bluu limenenepa mpaka halifungi, na ndani yake kulikuwa na kazi ya karibu miaka miwili. Mimi na wazazi wenzangu wa watoto viziwi tulikuwa tunafuatilia kitu kimoja tu, kwamba mtu asiyesikia akienda hospitali ya umma awepo mkalimani wa lugha ya alama, maana tulishachoka kuona mama mjamzito anaelezwa hali ya mimba yake kupitia kwa mwanae wa miaka tisa, mtoto anasimama katikati ya daktari na mama yake anatafsiri maneno ambayo hata yeye hayaelewi.

Ndani ya kamati ya bunge inayoshughulika na afya tulikuwa na mtu mmoja. Bunge lenyewe silitaji na huyo mama pia simtaji, ila faili letu alilisoma lote, jamani, ukurasa kwa ukurasa, na alijua kifungu tunachokitaka kiingie wapi kwenye muswada uliokuwa unakuja na gharama yake itakuwaje. Siku tatu kabla ya kikao cha maoni ya wadau nikampigia kumkumbusha. Akanyamaza kidogo, afu akaniambia, "Dada yangu, kwani hujaona orodha mpya? Mi sipo huko tena. Wamenihamishia miundombinu."

Sikujua hata kama kuna orodha mpya. Ilisomwa jioni mwisho wa kikao, watu washaanza kukusanya makaratasi yao, na magazeti ya kesho yake hayakuigusa hata kwa mistari miwili, wakati kwetu sisi orodha ile ilikuwa kubwa kuliko hotuba zote za mwaka ule.

Tulienda hivo hivo. Waliokaa mezani siku ile wengi walikuwa wapya, na swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa, hivi hii lugha ya alama ni moja au kila mtu ana ya kwake? Si swali baya, na aliyeuliza alitaka kujua kwa dhati kabisa, tatizo ni kwamba tulishalijibu miezi kumi na minne nyuma, kwenye chumba kile kile, mbele ya watu wengine. Dakika zetu arobaini ziliisha tuko bado kwenye utangulizi.

Toka hapo nimekuwa mtu wa kufuatilia nani kapangwa kamati gani. Nasoma kanuni za mabunge ya nchi mbalimbali, nasoma kumbukumbu za vikao, nauliza watu waliofanya kazi huko ndani, na kadiri ninavyosoma ndo naona wengi wetu tunaliangalia bunge kwa mlango wa mbele wakati mizigo inaingilia wa nyuma.

Bunge tunalolijua ni lile la kwenye tivii, ukumbi mkubwa, mtu kasimama anachangia, wengine wanapiga meza. Lakini fikiria muswada una vifungu mia moja na hamsini, humo ndani kuna wabunge mia tatu na kitu, mtakaa lini mpitie kifungu kwa kifungu? Haiwezekani. Ndo maana karibu kila bunge duniani limejigawa vyumba vidogo vidogo, huku afya, huku fedha, huku ardhi, huku ulinzi, na kila chumba kina watu kumi na tano au ishirini au thelathini ambao wao ndo wanaita mashahidi, wanakaa na wataalam wa wizara, wanapokea maoni ya wananchi, afu wanaandika ripoti inayoliambia bunge zima hapa pabaki, hapa patoke, hapa pabadilishwe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Muswada ukiwa kamatini bado mbichi, ukifika ukumbini ushaanza kukauka, unaweza kuukunja bado ila lazima utumie nguvu nyingi na mara nyingi unakatika.

Mfano wa karibu ni Kenya mwezi wa Juni 2024. Ule muswada wa fedha ulikuwa na pendekezo la kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vyote viwili viliondolewa kwenye hatua ya kamati, baada ya Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa kupokea maoni ya wananchi, kabla wabunge hawajapiga kura ya mwisho ukumbini. Yaliyofuata kila mtu anayakumbuka, watu wakaingia barabarani, wengine wakapoteza maisha, na Rais akakataa kuusaini muswada wenyewe. Ninachotaka uone hapa ni kitu kimoja tu, kwamba mkate ulitolewa na watu waliokaa kamati ile. Si kamati ya elimu wala ya michezo. Kama mbunge wako alikuwa na uchungu sana na bei ya mkate lakini kapangwa michezo, aliweza kuongea na wenzake kwenye korido, basi.

Sasa wanapangwaje? Hapa kila nchi ina njia yake na tofauti zake zina maana kubwa.

Tanzania anayeteua wajumbe wa kamati za kudumu ni Spika. Wabunge wanaeleza wanapenda wapi, na Spika anatakiwa aangalie vitu kama taaluma na uzoefu wa mtu, jinsia, pande mbili za Muungano, afu wakishapangwa wajumbe wenyewe ndo wanachagua mwenyekiti na makamu wake. Wanakaa nusu ya uhai wa bunge, miaka miwili na nusu hivi, kisha mkeka unatandikwa upya. Kenya imekaa tofauti, kule Bunge la Taifa lina kamati maalum ya kuchagua wajumbe wa kamati nyingine, inaongozwa na kiongozi wa walio wengi, vyama vinapeleka majina kwa kufuata uwiano wa viti vyao, afu bunge zima linaidhinisha. Kwa hiyo Kenya mwenye kalamu hasa ni chama, na ukitaka kujua kwa nini wenzetu wanabishana mpaka mahakamani nani ni walio wengi na nani ni walio wachache, sababu mojawapo ndo hii. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 ilibidi Spika Wetang'ula atoe uamuzi mwezi wa Oktoba, akasema muungano wa vyama wa Kenya Kwanza una wabunge 179 na ule wa Azimio 157, na kabla hapajaeleweka hapo ilikuwa ngumu kugawa viti vya kamati maana hujui nani anapata vingapi. Mahesabu ya wengi na wachache yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye kila chumba, upande wenye wengi ukumbini unapata wengi kwenye kamati nyingi, na wenyeviti wengi pia.

Marekani kila chama kina jopo lake la ndani linalopanga watu wake, na mbunge mpya akishashinda tu anaanza kuzunguka kuomba, anaandika barua, anakutana na wakubwa mmoja mmoja, anaeleza kwa nini jimbo lake linamhitaji pale, mwenye bandari anataka uchukuzi, mwenye mashamba anataka kilimo, mwenye kambi ya jeshi anataka ulinzi. Kuna viti vinavyogombewa kuliko vyote, vya kodi, vya bajeti na matumizi, maana ndo hela inakopita. Kuna kamati nyingine mtu akipangwa anajua kwamba hajapendwa.

Na hapo ndo kuna kisa cha Shirley Chisholm, ambacho kila nikikirudia nakipenda upya.

Chisholm aliingia Baraza la Wawakilishi la Marekani Januari 1969, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye bunge lile. Jimbo lake lilikuwa Brooklyn, New York, yaani jiji tupu, magorofa na lami. Wakampanga kamati ya kilimo, na huko kwenye kilimo wakamweka kamati ndogo ya misitu na vijiji. Wakati ule ndani ya chama chake cha Democratic kazi ya kugawa kamati ilikuwa mikononi mwa wale wabunge wa chama waliokuwa kamati ya kodi, wakiongozwa na Wilbur Mills, kwa hiyo watu wale wale walioshika kodi ndo walishika pia hatma ya kila mbunge mgeni. Alipoenda kulalamika kwa Spika, John McCormack, akaambiwa awe askari mtiifu, avumilie, zamu yake itafika. Na utaratibu ndo ulikuwa huo kweli, mgeni anakaa kimya miaka kadhaa, anayekaa bungeni muda mrefu ndo anapanda, anapanda mpaka anakuwa mwenyekiti, ukongwe ndo kila kitu.

Yeye hakukubali. Kwenye kikao cha wabunge wa chama chake akasimama kuomba nafasi ya kusema, wakamruka wakampa mkongwe, akasimama tena, wakamruka tena, mwisho akashuka kwa miguu yake mpaka pale mbele kabisa akasimama, akakaa pale pale mpaka ikabidi wamsikilize. Akaomba aondolewe kilimo. Wakamhamishia kamati ya askari wastaafu, na akasema afadhali, jimboni kwake askari wastaafu ni wengi kuliko miti.

Watu wengi wanaishia hapo kwenye kile kisa, mi naona utamu wake uko mbele zaidi. Baadae akapata kamati ya elimu na kazi, ambayo ndo aliyokuwa anaitaka toka mwanzo, na mwaka 1974 sheria ya kima cha chini cha mshahara Marekani ilipopanuliwa ikawafikia wafanyakazi wa majumbani, wale akina mama wanaopikia na kufulia watu, Chisholm alikuwa mmoja wa waliolisukuma jambo hilo mpaka likapita. Mama yake mwenyewe aliwahi kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Hebu fikiria angebaki kamati ya misitu, angekuwa mtiifu kama alivyoshauriwa. Uchungu wake usingepungua, sauti yake ingekuwa ile ile, ila angekuwa anaipazia kwenye chumba ambacho habari za mishahara haziingii.

Kingine ni cha mwaka 1973, na hiki ni cha kiti kwa maana ya kiti, kile cha kukalia. Pat Schroeder, mama kijana kutoka Colorado, na Ron Dellums, mbunge mweusi kutoka California, wote wawili walikuwa wanapinga vita ya Vietnam na wote walipangwa kamati ya majeshi. Mwenyekiti wa kamati, F. Edward Hébert wa Louisiana, hakuwataka hata kidogo, yeye alitaka watu wa upande wa jeshi. Orodha ilishapita, hawezi kuwatoa. Siku ya kikao wakakuta wamewekewa kiti kimoja. Kiti kimoja watu wawili. Akawaambia kwamba mwanamke na mtu mweusi kila mmoja ana thamani ya nusu ya mjumbe wa kawaida, kwa hiyo watagawana. Schroeder mwenyewe amesimulia hili mara nyingi, kwamba walikaa hivo hivo, nusu mmoja nusu mwingine, mbele ya watu, na hawakuondoka.

Nikisoma hiki huwa naliona lile dogo kabisa, wanavyojibana ili wote watoshe, mguu mmoja wa huku mmoja wa kule, na makaratasi yao mapajani. Halafu naangalia kilichofuata. Desemba 1974 chama cha Democratic kikaiondolea kamati ya kodi ile kazi ya kugawa viti, kikaipa jopo lingine la chama. Januari 1975 wabunge wapya waliokuja baada ya kashfa ya Watergate wakapiga kura ndani ya chama wakawaondoa wenyeviti watatu wakongwe kwa mpigo, na Hébert alikuwa mmoja wao. (Mwingine alikuwa W. R. Poage, yule mwenyekiti wa kilimo aliyempokea Chisholm.) Na Ron Dellums, yule wa nusu kiti, mwaka 1993 akawa mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo ya majeshi. Alikaa pale kwenye nusu yake miaka ishirini.

Nimeeleza hivi virefu kwa sababu watu wanadhani kupanga kamati ni kazi ya makarani. Hapana. Ni siasa kamili, na ni mahali ambapo chama kinamlipa mtu wake na ni mahali ambapo kinamwadhibu.

Adhabu tumeiona hata hapa karibu. Kenya katikati ya mwaka 2020, chama cha Jubilee kilipopasuka kati ya upande wa Rais Kenyatta na upande wa naibu wake Ruto, vita haikuanzia kwenye kura za ukumbini, ilianzia kwenye vyeo na kamati. Kimani Ichung'wah akatolewa uenyekiti wa Kamati ya Bajeti na nafasi yake akachukua Kanini Kega, na wengine wengi wakapoteza viti vyao ndani ya wiki chache. Kanuni zinaruhusu, chama kilichokupeleka kamatini kinaweza kukurudisha. Mi hapo ndo naona kasoro kubwa, na nasema wazi, kama mjumbe anajua kwamba akiuliza swali ambalo wakubwa hawalipendi Jumanne basi Alhamisi hayupo kwenye kamati, unategemea aulize? Mwananchi anayeleta maoni yake anadhani anaongea na mjumbe, kumbe anaongea na mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma.

Waingereza walilipata hili mapema. Julai 2001 serikali ya Tony Blair ilileta orodha ya wajumbe wa kamati ambayo haikuwa na majina ya wenyeviti wawili waliokuwa wanaisumbua, Gwyneth Dunwoody wa uchukuzi na Donald Anderson wa mambo ya nje, wote wa chama chake mwenyewe. Wanadhimu wa chama (wale wanaosimamia nidhamu ya wabunge wa chama, Kenya wanawaita viranja) ndo waliokuwa wanapanga majina wakati ule. Wabunge wakaikataa orodha ukumbini, wengi wao wa chama tawala kile kile, na wawili wale wakarudishwa. Ilichukua miaka mingine tisa, na kashfa ya matumizi ya fedha za wabunge katikati, mpaka mwaka 2010 wakabadilisha utaratibu, sasa wenyeviti wa zile kamati za kuisimamia serikali wanachaguliwa na bunge zima kwa kura ya siri, na wajumbe wanachaguliwa na wenzao ndani ya vyama. Zile kamati za kupitia miswada bado zinapangwa kwa njia ya zamani, kwa hiyo kazi haijaisha hata kwao. Ila kura ya siri ni kitu. Mwenyekiti aliyechaguliwa na wabunge wa pande zote hana deni kwa kiranja wake.

Marekani nao siku hizi wameanza kuvuana viti kwa kura ya bunge zima. Februari 2021 Marjorie Taylor Greene aliondolewa kamati zake kwa kura 230 kwa 199, Februari 2023 mambo yakageuka, Ilhan Omar akaondolewa kamati ya mambo ya nje kwa kura 218 kwa 211. Silinganishi makosa ya mmoja na ya mwingine, ni vitu tofauti kabisa. Nasema tu kwamba mlango ukishafunguliwa na upande mmoja, upande wa pili nao unaujua ulipo. Na anayeumia ni jimbo, maana watu wa pale walipiga kura yao kama wengine wote na sasa mbunge wao hana chumba cha kuingia.

Halafu kuna kamati moja ambayo nadhani kila mtu anatakiwa aijue hata kama nyingine zote hazijui, ile ya hesabu za serikali. Bunge la Uingereza waliianzisha mwaka 1861 na desturi yao ni kwamba mwenyekiti anatoka upinzani, na mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola yakaichukua hivo hivo, Kenya na Tanzania zikiwemo. Sababu haina haja ya maelezo marefu, aliyetumia hela hawezi kuwa ndo anayejikagua. Tanzania mwaka 2014 kamati hiyo ikiongozwa na Zitto Kabwe, ambaye alikuwa upinzani, na makamu wake Deo Filikunjombe wa chama tawala, ndo iliyoleta ripoti ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, ile kashfa ya mabilioni yaliyochotwa Benki Kuu, mwezi wa Novemba. Ndani ya miezi miwili Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akatenguliwa, mwingine akajiuzulu. Mtu wa upinzani na mtu wa chama tawala, meza moja, ripoti moja! Ukinionyesha wajumbe wa kamati ya hesabu nitakwambia serikali inalala usingizi wa aina gani.

Ndo maana pia ukitaka kuiua kamati ya hesabu bila kelele huhitaji kuifuta, unaijaza tu watu wageni ambao hawajawahi kusoma ripoti ya mkaguzi, kila ukurasa wanaanza upya, na wakishaanza kuielewa unawahamisha. Kanuni haijavunjwa popote. Mwenyekiti ni wa upinzani kama inavyotakiwa. Na hamna kinachotokea.

Kuhusu taaluma, hapa mi mwenyewe nimebadilika mawazo. Zamani nilikuwa nasema daktari akae afya, mwalimu akae elimu, mhandisi akae ujenzi, imeisha. Sasa hivi naona si rahisi hivo. Ni kweli mtu anayejua kazi hadanganywi na maafisa wa wizara, akiambiwa mkalimani mmoja anatosha hospitali nzima anauliza zamu za usiku itakuwaje. Lakini daktari mwenye hospitali yake binafsi akikaa kamati ya afya anatunga sheria za biashara yake mwenyewe, na mwenye shule za kulipia akikaa elimu ni hivo hivo. Kwa hiyo pamoja na cheti cha mtu nataka kujua anachomiliki. Mabunge yenye daftari la maslahi ya wabunge lililo wazi kwa umma wametusaidia sana hapo, unachukua orodha ya kamati unaiweka pembeni ya daftari na unaona mwenyewe.

Na hawa wa vyama vidogo au wasio na chama, mgao ukifuata uwiano wanabaki na makombo. Mwenye mbunge mmoja atapata kiti kimoja, kamati ya fedha akiiomba ataambiwa foleni ni ndefu. Wakati mwingine huyo ndo mwenye hoja ambayo wakubwa wote wawili hawataki kuigusa. Lyndon Johnson alipokuwa kiongozi wa Wademokrat kwenye Seneti mwaka 1953 aliweka utaratibu kwamba kila seneta mpya wa chama apate kwanza kamati moja kubwa kabla mkongwe hajaongezewa ya pili, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Alikuwa na hesabu zake za kisiasa, sawa, alitaka wapya wawe na deni kwake, lakini utaratibu wenyewe ni wa haki na sioni kwa nini usiwe kanuni iliyoandikwa kila mahali.

Siku hizi orodha ikitoka naishusha siku hiyo hiyo, nakaa nayo na kalamu. Natafuta kwanza nani alikuwepo akatolewa, maana anayetolewa ananiambia mengi kuliko anayeingizwa. Natafuta wangapi wamebaki kutoka kamati iliyopita, wakiwa chini ya theluthi najua kumbukumbu imepotea na inabidi tuanze kufundisha upya. Naangalia mwenyekiti, kwa sababu yeye ndo anapanga kipi kije mezani lini, na muswada usiopangiwa siku ni muswada uliokufa hata kama hakuna aliyeupigia kura ya hapana. Naangalia wanawake wako wangapi kwenye fedha na ulinzi, maana mara nyingi wanarundikwa kwenye jamii na jinsia kana kwamba bajeti ya nchi ni habari za wanaume. Halafu natafuta karani wa kamati ni nani. Jina lake halipo kwenye orodha, ila yeye hahamishwi kila mara na yeye ndo anajua faili liko kabati gani.

Faili letu la bluu nililifuata wiki moja baada ya kile kikao kibovu. Yule mama wa miundombinu alikuwa nalo bado, akanikabidhi mwenyewe ofisini kwake akaniambia, "Usiwape jipya, wape hili hili." Nilipofungua nikaona kumbe alikuwa anaandika pembeni kwa penseli, maandishi madogo madogo, maswali, hesabu, majina ya vifungu, kurasa karibu zote. Tukalitoa kopi na penseli zake zote, tukampelekea kila mjumbe mpya kupitia kwa karani.

Kikao cha tatu nilikuwa nimekaa viti vya nyuma. Maafisa wa wizara walikuwa wanaeleza kwamba wakalimani watapatikana kwa simu, mtu akihitaji anapigiwa. Yule mjumbe aliyeuliza siku ya kwanza kama lugha ya alama ni moja akawasha maiki yake, akafunua kopi yake, akauliza, "Na mgonjwa akija saa nane usiku, na huyo mkalimani simu yake imezimwa, sheria inasema nani anawajibika?" Afisa akaangalia makaratasi yake muda mrefu. Lile swali nililijua. Lilikuwa ukurasa wa tisa, pembeni, kwa penseli.